Lee Grant na Wanawake Wanane wa Benki

Wanachama wenzetu, pamoja nanyi ndugu mliotuunga mkono tangu enzi za daftari moja na kopo la kuwekea fedha, karibuni tusome kidogo. Kamati ya kijitabu ilipotugawia kurasa hizi ilituagiza tuandike historia ya mwanamke mmoja aliyeifanya kazi yake mpaka ikaonekana. Wengi walitegemea tutamleta mtu wa hapa hapa kwetu. Sisi tumemchagua mwigizaji wa Marekani, Lee Grant. Msishangae, maana kisa chake kinafika mahali tunapopafahamu vizuri sana, yaani mbele ya mlango wa benki.

Alizaliwa jijini New York tarehe 31 Oktoba. Mwaka wenyewe una maneno, kwa kuwa katika maisha yake ya kazi aliuficha kwa bidii, na vitabu vikawa vinapishana. Siku hizi wengi wanautaja mwaka 1925. Tutakuja kuona kwa nini aliuficha, kwa hiyo wale wanaoanza kucheka wangoje kwanza. Jina lake la kuzaliwa ni Lyova Rosenthal. Mama yake alitoka Odessa, na ndiye aliyetaka mtoto huyu awe msanii, atake asitake. Akiwa bado mdogo sana alishapandishwa kwenye jukwaa la Metropolitan Opera. Akafundishwa kucheza ngoma za jukwaani, kisha akasomea uigizaji kwa mwalimu maarufu Sanford Meisner.

Mwaka 1949 ndipo watu walipomjua. Ulikuwepo mchezo wa Sidney Kingsley uitwao "Detective Story", unaohusu siku moja katika kituo cha polisi. Alitakiwa acheze kama binti mzuri mwenye mapenzi. Yeye akaomba nafasi nyingine, ndogo na isiyo na urembo: msichana aliyekamatwa kwa kuiba mkoba dukani. Hana maneno mengi huyo msichana, lakini kila akifungua mdomo ukumbi mzima unamgeukia. Mchezo ulipofanywa filamu mwaka 1951 alibaki na nafasi ile ile. Mwaka uliofuata akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kule Cannes, Ufaransa, na jina lake likawa miongoni mwa waliopendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Filamu ya kwanza hiyo, jamani. Mtu angesema huyu sasa kazi kwake ni kuchagua tu.

Hapo hapo ndipo mlango ulipofungwa.

Inabidi tueleze kidogo. Miaka hiyo Marekani ilikuwa imeshikwa na hofu ya Ukomunisti. Ilikuwepo kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwaita waandishi, waigizaji, walimu na watu wa vyama vya wafanyakazi. Swali la kwanza lilikuwa kama wewe ni mkomunisti au umepata kuwa. La pili lilikuwa baya zaidi: tutajie wenzako. Aliyekataa kutaja aliingizwa katika orodha nyeusi, na makampuni ya filamu na televisheni hayakumpa kazi tena.

Katika mwezi wa Desemba 1951 mwigizaji mmoja, J. Edward Bromberg, alifariki London kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa ameitwa na kamati hiyo. Kwenye ibada ya kumkumbuka, Lee Grant alisimama akasema alichoamini, kwamba usumbufu wa kamati ulichangia kifo chake. Maneno machache tu, kama yale ambayo kila mmoja wetu amepata kuyasema msibani. Haukupita muda, jina lake likawa kwenye orodha. Mume wake wa wakati huo, mwandishi Arnold Manoff, alikuwa naye amefungiwa kazi. Lee alitakiwa atoe ushahidi dhidi ya mumewe, akakataa.

Alikaa nje miaka 12. Ukiwa kwenye orodha nyeusi huletewi barua ya kufukuzwa. Simu ndiyo inayonyamaza. Ukiuliza, unaambiwa nafasi imeshapata mtu. Aliishi kwa kufundisha uigizaji na kwa michezo ya jukwaani, kwa kuwa huko orodha haikuwa na nguvu kama kwenye sinema. Hapo katikati akazaa binti, Dinah, na ndoa ile ikavunjika. Mwaka 1964 alipata tuzo ya Obie kwa kucheza mtumishi wa ndani katika "The Maids", mchezo wa Jean Genet. Pengine hapa ndipo mtu anapoelewa habari ya umri. Mwigizaji wa kike aliyepotezewa miaka 12, kuanzia katikati ya ujana wake, akirudi anakuta waliomo ni mabinti. Kama hakuificha miaka hiyo nani angempa kazi? Sisi hatumcheki tena.

Alirudi kupitia televisheni. Mwaka 1965 aliingia katika tamthilia ya "Peyton Place", iliyokuwa ikitazamwa na nchi nzima, na 1966 akapata tuzo ya Emmy. Mwaka 1967 alicheza mjane katika "In the Heat of the Night" pamoja na Sidney Poitier na Rod Steiger. Emmy ya pili ilifuata kwa filamu ya televisheni ya mwaka 1971, "The Neon Ceiling". Kisha Oscar yenyewe ikaja, kwa filamu ya "Shampoo" ya mwaka 1975. Alikabidhiwa mwaka 1976, karibu miaka 25 tangu ile Cannes. Mtu mwingine angekaa hapo, apumzike na sanamu yake ya dhahabu juu ya kabati.

Yeye alikuwa ameshaanza kujifunza kazi nyingine. Mwaka 1974 taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, ilianzisha mafunzo ya uongozaji kwa wanawake, maana ulikuwa ukihesabu wanawake wanaoongoza filamu kubwa za nchi ile, vidole vilikuwa vinabaki. Lee Grant alijiunga. Alianza na mchezo mfupi wa Strindberg. Mwaka 1980 akatoa filamu yake ndefu ya kwanza, "Tell Me a Riddle", kutoka kwa hadithi ya Tillie Olsen, inayohusu mke na mume wazee waliochoshana na maradhi yanayowarudisha pamoja. Watayarishaji wake walikuwa wanawake watatu. Ni filamu ya polepole, na si kila mtu ataivumilia.

Sasa tumefika benki.

Willmar ni mji mdogo wa jimbo la Minnesota, kaskazini, sehemu ya wakulima na ya baridi kali. Katika benki moja ya hapo wanawake walikuwa makeshia na makarani wa vitabu. Siku moja akaletwa kijana wa kiume asiyeijua kazi. Wanawake wakaambiwa wamfundishe. Kijana alikuwa analipwa dola 700 kwa mwezi, na wao makeshia huanzia dola 400. Yeye ndiye aliyekuwa akiandaliwa cheo, na wao nafasi hiyo hata haikutangazwa kwao. Walipokwenda kuuliza, mkuu wa benki aliwajibu kwamba watu wote hawalingani. Tafadhali mkumbuke kwamba sheria ya Marekani ya malipo sawa kwa kazi sawa ilikuwa imepitishwa tangu 1963. Sheria ilikuwepo. Ilikuwepo kwenye karatasi.

Walipeleka malalamiko serikalini, wakaunda chama chao wenyewe cha wafanyakazi, na tarehe 16 Desemba 1977 wanawake wanane wakatoka nje na mabango. Hao wanane hawakuwa wanasiasa. Walikuwa akina mama wa kanisani na wasichana wa mjini, wa kwanza katika historia ya Minnesota kugoma kwenye benki. Wengine walikuwa wameifanyia kazi benki hiyo kwa miaka mingi. Mmoja, Glennis Ter Wisscha, alikuwa na miaka 19 tu. Walizunguka mbele ya benki wamevaa nguo nzito za kupandia pikipiki za theluji, katika baridi iliyoshuka mbali chini ya sifuri. Mji wenyewe ulikuwa umenyamaza. Wateja waliwapita wakaingia ndani. Msaada mwingi ulitoka mbali, kwa watu wasiowafahamu hata kwa sura.

Lee Grant alikwenda Willmar na kamera. Filamu, "The Willmar 8", ilitoka mwaka 1981 na haifiki hata saa moja. Hakuwapaka rangi wale wanawake wala hakuwafanya mashujaa. Amewaacha waongee wenyewe, wamekaa jikoni na sebuleni kwao. Mmoja anasimulia jinsi alivyoogopa, mwingine jinsi marafiki walivyoacha kumsalimia. Mtu aliyefundisha uigizaji miaka yote ile anajua lini mtu anaigiza na lini anasema kweli, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo ilikuwa faida yake kubwa kuliko waongozaji wengine. Tena alikuwa anajua simu iliyonyamaza ina sauti gani.

Tuliiangalia filamu hii jioni moja baada ya kikao cha mwezi, mtoto wa mwanachama mmoja akitutafsiria. Mwanzoni watu walikuwa wanacheka theluji, na zile nguo, na kuuliza hao wanakohoa namna gani humo. Ilipofika habari ya kijana wa kufundishwa kazi halafu awe bosi, kicheko kikakata. Mweka hazina wetu wa kwanza akasema taratibu, "Huyo kijana namjua." Wazee wa kikundi wanakumbuka siku tulipokwenda kwenye benki moja, hatuitaji, kufungua akaunti, tukaulizwa waume zetu wanaafiki. Tulikuwa na katiba, tulikuwa na muhtasari wa kikao, tulikuwa na fedha mkononi. Tulirudishwa mara tatu. Hata daftari lile la mwanzo lina maneno "nauli ya benki" yamejirudia mara tatu kwa mwezi mmoja.

Basi filamu ilipokwisha ukazuka ubishi, na ubishi wenyewe haujaisha mpaka leo. Mgomo wa Willmar ulikwenda karibu miaka miwili. Mwaka 1979 bodi ya serikali ya mahusiano ya kazi iliamua kwamba benki ilikuwa imekiuka taratibu katika kushughulika na wafanyakazi, ila sababu ya mgomo ilikuwa ya kiuchumi, kwa hiyo benki haikulazimika kuwarudisha kazini wala kuwalipa ya nyuma. Doris Boshart, aliyekuwa mkuu wa makarani wa vitabu, aliporudi aliwekwa dirishani kama keshia. Wenzetu wengine wanasema: walishindwa, tusidanganyane. Walipoteza kazi, mtu hawezi kula filamu. Wengine wanasema, laiti wangekubali nani angewajua, na makeshia wa mabenki mengine wangejifunzia wapi. Sisi tulioandika hapa nasi tumegawanyika, na tumeona ni heri tuandike hivyo hivyo.

Kwa Lee Grant kazi hiyo ilifungua njia. Mwaka 1983 aliingia magerezani kuwahoji wanawake waliohukumiwa kwa kuua, wengi wao waliua wanaume waliokuwa wakiwapiga. Mwaka 1986 ilitoka "Down and Out in America", iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya HBO. Humo mna wakulima wa Minnesota wanaonyang'anywa mashamba kwa sababu ya mikopo, wafanyakazi waliofungiwa viwanda, familia za New York zilizorundikwa katika hoteli chafu kwa kukosa nyumba. Kikundi chochote kinachokopesha kingefaa kuiona sehemu ile ya mashamba kabla ya kujadili riba. Filamu hiyo ilipata Oscar, ikigawana ushindi na filamu nyingine. Tuzo yenyewe walikabidhiwa watayarishaji, mmoja wao akiwa Joseph Feury, mume wake wa pili. Mwaka huo huo aliongoza "Nobody's Child", filamu ya televisheni ambayo Marlo Thomas alicheza mwanamke aliyefungiwa miaka mingi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa hiyo Lee Grant akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya chama cha waongozaji wa Marekani kwa filamu ya televisheni.

Aliendelea na kazi. Mwaka 2000 alitoa filamu juu ya maisha ya Sidney Poitier, na 2014 akachapisha kitabu cha maisha yake, ambamo ile miaka 12 ameieleza kirefu.

Na Willmar hakuiacha. Mwaka 1984 aliitengeneza upya kama mchezo wa televisheni, "A Matter of Sex", safari hii kwa waigizaji, akiwemo binti yake Dinah, yule aliyezaliwa wakati simu imenyamaza. Hiyo hatujaipata bado. Ile ya 1981 iko kwa katibu. Anayeitaka ajiandikishe kwenye daftari na airudishe kabla ya kikao, maana nakala ni moja tu na waliojiandikisha wameshakuwa kumi na wanne.