Anwani si Nyumba: Historia Fupi ya Istilahi Moja ya Intaneti

Neno anwani limetufikia kutoka Kiarabu, na kwa miaka mingi matumizi yake hayakututia taabu. Mwalimu wa kijijini aliandikiwa barua kwa S.L.P. ya shule, walimu wenzake nao walipokea zao katika sanduku lilo hilo. Hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba sanduku la posta ni nyumba. Wafasiri wa istilahi za intaneti hawana budi kulikumbuka jambo hilo.

Kanuni za anwani zilizotolewa mwaka 1981 ziliipa kila anwani biti 32, yaani anwani zipatazo bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Nia ilikuwa kila kompyuta iwe na anwani yake. Upungufu ulipoanza kuonekana, Kjeld Egevang na Paul Francis walieleza mwaka 1994 namna kompyuta nyingi zinavyoweza kugawana anwani chache za nje. Mwaka 1996 yakathibitishwa mafungu matatu ya anwani za ndani, ambazo kila nyumba yaweza kuzitumia bila kujali kuwa jirani anazo zizo hizo. Februari 2011 hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho. Mwaka uliofuata likatengwa fungu la kuyawezesha makampuni ya intaneti kuwaweka wateja wa nyumba mbalimbali nyuma ya anwani moja.

Athari ya historia hiyo yaonekana katika taa, spika na vifaa vingine vya nyumbani vinavyoendeshwa kwa simu. Miongoni mwa njia ambazo simu yaweza kukipata kifaa, zipo hizi mbili. Kwa njia ya kwanza, simu hupiga mbiu ndani ya mtandao wa nyumba, na kifaa huitika. Anwani ya nje haihusiki. Kwa njia ya pili, kifaa hujiandikisha katika kompyuta ya mbali ya watengenezaji. Simu ikiuliza, kompyuta hiyo huitajia vifaa vyote vilivyojiandikisha kutoka anwani ya nje iliyo sawa na yake.

Njia ya pili imejengwa juu ya dhana kwamba anwani ni nyumba. Pale ambapo nyumba nyingi hushiriki anwani moja, orodha yaweza kuonyesha kifaa cha jirani pamoja na anwani yake ya ndani. Na huku kwako anwani hiyo ya ndani yaweza kuwa ya kifaa kingine kabisa. Kwa kawaida hutaweza kukiendesha kifaa hicho, lakini umekwisha kujua kuwa jirani anacho. Kinyume chake, simu ikitumia intaneti ya kampuni ya simu badala ya ile ya nyumbani, hata taa iliyo mbele yako yaweza kukosekana.

Kwa hiyo twapendekeza vitenzi viwili vitenganishwe. Kugundua kifaa ni kujua kuwa kipo. Kukitambua ni kujua kuwa ni chako. Anwani ya pamoja husaidia la kwanza tu. Mfasiri anayeandika "vifaa vilivyomo nyumbani mwako" humhakikishia msomaji jambo ambalo mashine yenyewe haina hakika nalo. Na aandike "vifaa vilivyoonekana kwa anwani yako ya nje", kisha amwagize msomaji ahakikishe kwanza kuwa kifaa ni chake, kabla ya kukiunganisha.