Jinsi mfanyabiashara mdogo anavyoweza kupatikana kwenye Google kupitia mitandao ya kijamii

Maseremala wengi walio kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi hupiga picha kila kitanda na kila kabati wanalomaliza kuunda, wakaitia kwenye Facebook au Instagram na chini yake wakaandika maneno mawili tu: “Bei inbox.” Wafuasi wao huiona siku hiyo, pengine na kesho yake. Wiki moja baadaye, mteja aliye Nakuru akisaka kitanda kwenye Google haioni picha hiyo, ilhali kitanda chenyewe kingali pale pale kikipigwa na vumbi.

Ili kuelewa kwa nini haya hutokea, yafaa kujua jinsi mitambo ya kusaka habari inavyofanya kazi. Google, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1998, pamoja na washindani wake kama vile Bing, hutumia programu zinazojulikana kama buibui. Hizi huzuru kurasa za mtandao mchana na usiku, zikifuata kiungo kimoja hadi kingine, na kuhifadhi zinachokisoma katika faharasa kubwa. Anayesaka neno hapekuliwi mtandao mzima wakati ule. Huletewa kilichokwisha kuhifadhiwa katika faharasa hiyo. Ukurasa ambao buibui hawakuufikia, au waliufikia wakakosa cha kusoma, ni kana kwamba haupo.

Mitandao ya kijamii huwatatiza buibui hawa kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu yake kubwa imefungiwa nyuma ya lango linalomtaka mtu aingie kwa jina na neno la siri, na buibui hawana akaunti. Pili, picha isiyo na maelezo ni bubu.

Kuna mahali ambapo juhudi zozote hazitafua dafu. Yanayowekwa kwenye ‘status’ ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24 na huonekana tu na waliohifadhi nambari ya mwenyewe. Makundi ya Facebook yaliyofungwa nayo ni kama chumba kilichotiwa komeo. Hii haimaanishi kwamba ni mahali pabaya pa kuuzia. Biashara nyingi nchini huendeshwa humo. Ila anayetaka kupatikana na mgeni asiyemjua hana budi kuweka bidhaa zake mahali pa wazi pia.

Milango ya wazi imekuwa ikifunguliwa na kufungwa kulingana na mapatano ya kampuni kubwa. Twitter, ambayo sasa ni X, ilikubaliana na Google mwaka wa 2009 kuhusu kuonyesha jumbe zake pindi zinapoandikwa. Mapatano hayo yakaisha mwaka wa 2011, kisha yakafufuliwa mwaka wa 2015. Badiliko lililowagusa zaidi wauzaji wadogo lilikuja Julai 10, 2025, Instagram iliporuhusu picha na video za umma za akaunti za kibiashara na za wabunifu, ambazo wenyewe wametimiza umri wa miaka 18, zionyeshwe na mitambo ya kusaka habari. Akaunti za kawaida za kibinafsi hazikuhusishwa. Kwa hivyo, muuzaji ambaye bado anatumia akaunti ya kibinafsi anafaa kuibadilisha katika mipangilio iwe ya kibiashara, na ahakikishe haikufungwa kwa umma. Huduma hiyo hailipiwi.

Baada ya mlango kufunguliwa, kazi kubwa ni ya maneno, na hapa ndipo wengi hushindwa. Mteja hasaki “mzigo mpya umeingia” wala “kitu safi”. Husaka jina la bidhaa, kipimo chake, mahali inapouzwa na, mara nyingi, bei. Anayetaka kitanda huandika “kitanda cha futi 5 kwa 6 Nairobi”. Basi maelezo ya picha yamwigize: “Kitanda cha mahogani, futi 5 kwa 6, chenye droo mbili. Sh28,000. Chapatikana Barabara ya Ngong, Nairobi. Twasafirisha hadi Nakuru na Kisumu.” Sentensi hizo hazina madoido, lakini kila neno lililomo ni neno ambalo mtu fulani huenda akaliandika.

Ile desturi ya “bei inbox” yastahili kuachwa. Wauzaji huitetea kwa kusema inawazuia washindani kupunguza bei, nao wengine hutaka kwanza kumpima mteja. Hata hivyo, humnyima mtambo neno la kusoma na humchosha mnunuzi, ambaye haoni taabu kumwendea aliyeandika bei yake waziwazi.

Kuhusu lugha, Wakenya husaka kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa mchanganyiko wa zote mbili. Si vibaya kuandika sentensi moja kwa kila lugha. Njia rahisi ya kujua wateja husema nini ni kuanza kuandika jina la bidhaa kwenye Google na kutazama maneno ambayo mtambo wenyewe unapendekeza. Sheng huwachangamsha wafuasi, lakini maneno yake hubadilika upesi mno kuwa tegemeo.

Bango lililochorwa likiwa na bei na nambari ya simu ndani ya picha lisitegemewe peke yake. Mitambo ya siku hizi yaweza kusoma baadhi ya maandishi hayo, lakini si kila mara. Yaandikwe tena chini ya picha. Aidha, Instagram na Facebook zina nafasi ya maandishi mbadala, ambayo hasa iliwekwa kwa ajili ya wasioona na huwafaa buibui vilevile. Kwa video, YouTube, inayomilikiwa na Google tangu 2006, ina nafasi ya kutosha ya kichwa na maelezo.

Jina la biashara na nambari ya simu sharti ziwe zile zile kila mahali, ikiwemo kwenye Google Business Profile, huduma ya bure inayoiweka biashara kwenye ramani. Mwenye biashara huthibitishwa, mara nyingi kwa kutuma video ya duka na kibao chake. Asiye na duka, kama vile fundi wa mabomba anayewaendea wateja nyumbani, aweza kuficha anwani na kutaja maeneo anayohudumu. Hata hivyo, tovuti ndogo za bure ambazo huduma hiyo ilikuwa ikizitoa zilifungwa Machi 2024, na waliozitegemea pekee wakabaki bila ukurasa.

Wapo pia walaghai wanaowapigia simu wafanyabiashara wakiahidi nafasi ya kwanza kwenye Google kwa malipo ya kila mwezi. Google yenyewe husema kwamba haipokei fedha ili kuupandisha ukurasa katika matokeo ya kawaida, na kwamba hakuna awezaye kuahidi nafasi ya kwanza. Matangazo hulipiwa, lakini huonyeshwa yakiwa na alama ya tangazo.

Kuonekana na umma kuna gharama yake. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya mteja haifai kutumiwa kunadi biashara bila idhini yake. Mwaka wa 2023, kituo kimoja cha burudani jijini Nairobi kilitozwa Sh1.85 milioni kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuwa ameridhia. Asiyetaka machapisho yake ya Instagram yafike kwenye Google aweza kuzima ruhusa hiyo katika mipangilio ya faragha.

Matokeo hayaji kwa siku moja. Huweza kuchukua wiki kadhaa. Ili kukagua, andika kwenye Google “site:instagram.com” ikifuatwa na jina la biashara, na kurasa zilizokwisha kuingia katika faharasa zitajitokeza.