Ugonjwa wa Steinert na akili ya mgonjwa

UGONJWA wa Steinert, uliopewa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka wa 1909, hurithiwa hata mzazi mmoja tu akiwa nao. Hudhoofisha misuli, aliyefumba kiganja hukawia kukifumbua.

Ubongo nao hauponyoki. Anayeanza kuugua ukubwani aghalabu huwa na akili za kawaida na hunena vyema, ila hutatizika kupanga shughuli, kubadili mbinu na kukadiria maumbo. Isitoshe, husinzia mchana na kupoteza ari. Jamaa humwita mvivu, kumbe hiyo ni dalili sawa na ulegevu wa mkono.

Majaribio ya wagonjwa 255 katika mataifa manne ya Ulaya, yaliyochapishwa mwaka wa 2018, yalionyesha kuwa tiba ya mazungumzo, inayorekebisha fikra na mienendo, huwaongezea uwezo wa kushiriki shughuli.