Sanduku ya 4K, picha ya ukungu: kufuli ilitoka wapi?

Wandugu, kila mara munaniuliza: "Sanduku yangu ya televizyo imeandikwa 4K, mbona Netflix inatoa picha ya ukungu?" Mutu analaumu koneksyo, lakini YouTube kwenye sanduku ileile iko safi. Jibu liko katika historia.

Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Sony na Universal, kwamba kurekodi kipindi nyumbani ili kukiangalia baadaye si kosa. Sheria haikuwafungia watu mlango, basi wenye filamu wakategemea kufuli ndani ya mashine yenyewe.

DVD ilipotoka mwaka 1996, ilikuja na kufuli iitwayo CSS. Mwaka 1999 kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, pamoja na wenzake walitoa programu DeCSS, kufuli ikafunguka. Alishitakiwa, na mwaka 2003 mahakama ya kwao ikamwachilia. Ufunguo ulipatikana ndani ya programu ya kuchezea DVD iliyoulinda vibaya. Fundisho likabaki: ufunguo ukikaa kwenye programu tu, siku moja utatoka.

Njo maana leo kuko Widevine, ambayo Google iliinunua mwaka 2010. Iko na ngazi. Kwenye L1, kufungua filamu kunafanyika ndani ya sehemu iliyofichwa ya chipu. Kwenye L3, programu peke yake ndiyo inafanya kazi. Netflix inataka L1, tena inataka kukipima na kukikubali chombo chenyewe. Bila hivyo inakupa picha ya chini, hata chipu ikiweza 4K.

Mimi sikatai haki ya mwenye kazi. Wanamuziki wetu wa Congo wanajua uchungu wa kunakiliwa bure. Lakini angalia nani anaumia hapa: mwizi anapata nakala safi isiyo na kufuli, na yule aliyelipa abonema yake kila mwezi ndiye anaonyeshwa ukungu. Na muuzaji aliyeandika 4K kwenye kartoni hakudanganya juu ya chipu. Alinyamaza tu juu ya ufunguo.

Basi, mbele ya kutoa feza, usiulize "iko 4K?" Uliza: "Iko L1? Netflix imeikubali?" Akishindwa kujibu, mwambie aiwashe mbele yako, afungue filamu moja. Macho yako yataamua.