Gari Dogo na Usalama Wake katika Barabara za Murusagamba

Historia ya usalama wa gari dogo katika Murusagamba, kata iliyo kusini mwa Wilaya ya Ngara karibu na Burundi, inabidi ianzie mpakani, kwa kuwa mpaka ndio ulioamua upande wa barabara atakaoushika dereva na, kwa sababu hiyo, aina ya magari yatakayomfikia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waligawana iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Gisaka, iliyokaa mikononi mwa Waingereza kwa muda mfupi, ilirudishwa Ruanda mwishoni mwa 1923, ilhali Bugufi, nchi ya Wahangaza, ilibaki Tanganyika pamoja na Bushubi. Ndiyo maana Ngara huendesha kushoto na majirani zake wawili, Rwanda na Burundi, huendesha kulia, na kila gari linalovuka mpaka Rusumo au Kabanga hubadili upande. Japan nayo huendesha kushoto, hivyo gari lililotumika Osaka kwa miaka kumi linaweza kuingia barabara ya Rulenge bila kubadilishwa chochote. Lakini gari hilohilo likivuka Kabanga kuelekea Kobero, upande wa Burundi, dereva wake hujikuta ameketi upande wa ukingo wa barabara, mahali asipoweza kuona kinachokuja mbele anapotaka kulipita lori. Rwanda ilizuia uingizaji wa magari ya usukani wa kulia mwaka 2005. Burundi iliendelea kuyapokea kwa wingi, mengi yakipitia bandari ya Dar es Salaam.

Magari hayo ya Japan hayakufika mapema. Katika miaka ya 1970, uhaba wa fedha za kigeni ulipoyafanya magari ya binafsi kuwa adimu Tanzania, safari za vijijini zilitegemea malori na Land Rover, vyombo ambavyo usalama wake ulikuwa uzito wa chuma na mwendo mdogo. Mlango ulifunguliwa na ulegezaji wa biashara ulioanza mwaka 1984, wananchi waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Ndipo Toyota zilizotumika zikaanza kumiminika, kwanza Starlet na Corolla, kisha Vitz iliyotoka Japan mwaka 1999, na hatimaye IST iliyozinduliwa mwaka 2002 juu ya msingi wa Vitz.

Kwa bahati ambayo wanunuzi wengi hawakuijua, kizazi hicho cha magari madogo kilisanifiwa wakati ule ule ambapo viwanda vilianza kuaibishwa hadharani kwa sababu ya usalama. Japan ilianza kuyapima magari kwa kuyagongesha na kuchapisha matokeo mwaka 1995, na mwishoni mwa mwaka huo Toyota ikaanza kuunda mabodi iliyoyaita GOA, yenye pua inayojikunja ili imeze nguvu ya mgongano na kibanda cha abiria kinachobaki kigumu. Ulaya ilifuata Februari 1997 kupitia Euro NCAP, taasisi inayoyagonga magari na kuyapa nyota: gari hugongeshwa kwa kilomita 64 kwa saa kwenye kizuizi cha chuma chepesi kinachobonyea, asilimia 40 tu ya upana wake wa mbele ikipokea kishindo, huku ndani mkiwa na sanamu zenye vipimo vya mwili wa binadamu. Katika zoezi la kwanza Rover 100 ya Uingereza ilipata nyota moja na sifa yake ikaporomoka. Yaris, jina ambalo Vitz iliuziwa Ulaya, ilipata nyota nne mwaka 2000, matokeo mazuri kwa gari la ukubwa ule.

Nyota hizo zina tarehe, jambo ambalo matangazo ya biashara hupenda kulipitia haraka. Fiat Punto ilipewa nyota tano mwaka 2005, na gari la jina hilohilo, likiwa bado linauzwa jipya, likapewa sifuri mwaka 2017, kwa sababu vipimo vilikuwa vimepanda na lenyewe limebaki palepale. Afrika ilipata vipimo vyake mwaka huohuo wa 2017, taasisi ya aina hiyohiyo, Global NCAP, ilipoyagonga magari madogo matano yaliyokuwa yakiuzwa mapya Afrika Kusini: Toyota Etios ilipata nyota nne, Renault Sandero na Polo Vivo tatu tatu, Datsun GO+ moja, na Chery QQ3 sifuri. Kwa hiyo mwalimu wa Ngara aliyenunua Vitz kuukuu si lazima awe alipata kilicho duni kuliko mteja wa Afrika Kusini aliyelipia gari jipya, ingawa vipimo vya nyakati mbili haviwezi kulinganishwa moja kwa moja.

Ambacho hakuna maabara iliyokipima ni mchomoko. Jina hilo, linalojulikana Kagera, Geita na Kahama, ni la gari dogo linalobeba abiria kwa nauli ya kuchangia na kuondoka linapojaa, na kujaa huko hakufuati idadi ya viti: nyuma huketi wanne au zaidi, mbele wawili hubanana katika kiti cha mmoja, na mara nyingine dereva hugawana kiti chake na abiria. Hapa hesabu yote ya mhandisi huvurugika. Mfuko wa hewa, yaani puto linalofumuka kutoka kwenye usukani au dashibodi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, umepangwa kumpokea mtu mmoja aliyefungwa mkanda na kuketi kwa umbali unaofaa. Ukimkuta mtoto aliyepakatwa, unaweza kumdhuru badala ya kumwokoa. Abiria wa nyuma asiye na mkanda huendelea kwenda mbele kwa mwendo ambao gari lilikuwa nao, na anayempokea ni aliyeketi mbele yake. Mkanda wa pointi tatu, uliobuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, ndicho kifaa rahisi kuliko vyote vilivyomo ndani ya IST na ndicho kisichohitaji umeme wala kompyuta, lakini ndicho ambacho mchomoko umekiacha kikaliwe na makalio ya watu. Sheria nayo haikusaidia sana, kwani Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 na marekebisho yake ilimwelekezea agizo la mkanda dereva na abiria wa mbele, na kwa miaka mingi ikawaacha nje abiria wa nyuma na kiti maalumu cha mtoto.

Kuna hesabu nyingine isiyosamehe, nayo ni ya uzito. Kugonga kizuizi cha maabara hufanana na kukutana uso kwa uso na gari la uzito uleule, na kwa sababu hiyo nyota za gari dogo hulinganishwa na za magari ya kundi lake tu. Anayetoka Murusagamba na kuishika lami ya Lusahunga kwenda Rusumo huingia katika njia ya mizigo ya Rwanda na Burundi, ambako lori la matela huruhusiwa kufikia tani 56, wakati IST yenyewe huzidi tani moja kidogo tu. Magari hayo mawili yakikutana, lori hupunguza mwendo kwa kiasi ambacho dereva wake huenda asikihisi vizuri, nalo gari dogo husukumwa kinyume likiwa limebeba karibu badiliko lote la mwendo. Mfuko wa hewa haukuundwa kwa ajili ya hilo.

Umri wa gari huongeza tatizo lake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane na Uganda iliweka kikomo cha miaka kumi na mitano mwaka 2018, ila Tanzania ilichagua kulitoza kodi ya ziada gari lililozeeka badala ya kulikataa, na mnunuzi wa kipato kidogo akapata nafasi ya kumiliki gari, pamoja na kutu ya mabodi na vipuri vilivyochoka. Mfano mzito ni wa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo kemikali yake ya kufumulia, amonia nitreti, huharibika kwa joto na unyevu hadi puto likilipuka hurusha vipande vya chuma. Mwaka 2015 Toyota iliita mamilioni ya magari yarudi kubadilishiwa, Vitz za miaka ya 2000 zikiwemo, lakini wito wa kiwanda humfuata mnunuzi aliyesajiliwa, si yule wa nne aliye kijijini.

Upande wa vifaa vya kumsaidia dereva nao ulisukumwa na aibu ya gari dogo. Oktoba 1997 mwandishi mmoja wa magari huko Sweden aliikwepesha Mercedes A-Class ghafla, kama anayemkwepa mnyama barabarani, ikapinduka. Kampuni ikasitisha mauzo na kuziwekea A-Class zote mfumo wa kudhibiti mwelekeo, ambapo kompyuta hukaza breki ya gurudumu mojamoja gari linapoanza kuserereka. Mwaka 2015 Toyota ilianza kuyapa magari yake madogo kifurushi kilichotumia kamera na leza kuonya, kufunga breki chenyewe mbele ya kikwazo, na kumshtua dereva anayetoka kwenye mstari wake. Kuanzia Novemba 2021 Japan ililazimisha breki za kujifunga kwa aina mpya za magari ya abiria, na kwa desturi ya mitumba magari hayo yatafika Ngara katika muongo unaofuata.

Yatakapofika, onyo la mstari litakuwa bubu kwenye barabara ya udongo isiyochorwa mstari wowote, na jicho la leza halipendi vumbi. Mafundi wengi nchini huinua magari madogo kwa spesa, vipande vinavyowekwa juu ya springi ili tumbo lisikwaruze mawe, nao uinuaji huo hupandisha kitovu cha uzito na kugeuza pembe ambayo kamera ilipangiwa kutazama. Kamera yenyewe imebandikwa kwenye kioo cha mbele, na kioo kikibadilishwa sharti ielekezwe upya kwa vibao maalumu, sakafu iliyo sawasawa na kompyuta ya kusomea gari. Na kioo hicho ni miongoni mwa vipuri ambavyo kokoto za barabara ya changarawe huviwahi.