Damu ikipata joto njiani, macho hayawezi kuona

Na Mwandishi Wetu, Tanga

MFUKO wa damu uliopata joto njiani kisha ukarudishwa kwenye jokofu kwa kawaida haubadiliki sura. Rangi ni ile ile, lebo ni ile ile, na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa juu yake haijasogea hata siku moja. Kinachoweza kumweleza mhudumu wa afya yaliyoupata mfuko huo ni kumbukumbu ya joto iliyochukuliwa wakati wa safari, kama ilichukuliwa.

Kwa mkazi wa Chumbageni jijini Tanga, suala hilo linaweza kuonekana dogo, kwa kuwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, haiko mbali. Lakini damu haianzii hospitalini. Hukusanywa shuleni, vyuoni na katika nyumba za ibada, hupelekwa kupimwa maambukizi, kisha husafirishwa tena hadi kwa mgonjwa, ambaye anaweza kuwa Pangani, Korogwe au Lushoto. Kati ya Desemba na Machi, joto la mchana katika mwambao huo hufikia nyuzi 32 na zaidi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani hupanda mno.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, hospitali nyingi nchini zilitegemea ndugu wa mgonjwa waje kuchangia pale pale. Utaratibu huo ulikuwa na hatari nyingi, lakini damu ile haikuwa na safari ndefu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulioanza mwaka 2004 ulijengwa juu ya wachangiaji wa hiari na vituo vya kanda, cha Kanda ya Kaskazini kikiwa Moshi, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kutoka Tanga. Usalama wa upimaji uliongezeka. Umbali nao ukaongezeka.

Damu nzima na chembe nyekundu hutunzwa katika nyuzi 2 hadi 6 za Sentigredi. Wakati wa kusafirisha, kiwango kinachokubalika ni nyuzi 2 hadi 10, na nafasi hiyo ya ziada ni ya muda wa safari tu. Mfuko wenye dawa ya kuhifadhia inayoitwa CPDA-1 hudumu siku 35, lakini hesabu ya siku hizo ina maana pale tu baridi ilipolindwa tangu mwanzo.

Hatari iko pande zote mbili. Damu ikiganda kwa barafu, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga rangi yake ndani ya maji ya damu. Mgonjwa akiwekewa damu ya namna hiyo, figo zake zinaweza kuharibika na hata maisha yake kupotea. Damu ikipata joto, bakteria wachache walioingia wakati wa kuchangia, pengine kutoka kwenye ngozi ya mkono wa mchangiaji, hupata nafasi ya kuzaliana. Kurudisha mfuko kwenye jokofu hakuwaui.

Hofu hiyo si ya vitabuni tu. Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, katika Hospitali Kuu ya Mkoa wa Pwani mjini Mombasa, watafiti walipima mifuko ya damu iliyokuwa ikiwekewa watoto. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, takriban asilimia 9 ya mifuko ilikutwa na bakteria. Joto la njiani si chanzo pekee cha hali hiyo, kwa sababu usafi wakati wa kutoa damu una sehemu yake, lakini ndilo linalowapa bakteria muda wa kuongezeka. Waathirika wa kwanza ni wale wanaohitaji damu kuliko wengine: watoto wenye upungufu mkubwa wa damu unaotokana na malaria, ugonjwa ulioisumbua Muheza kwa miaka mingi, na akina mama wanaotokwa na damu baada ya kujifungua.

Kupima joto la damu hakuhitaji kuutoboa mfuko. Njia ya zamani, ambayo bado ni nzuri, ni kuweka kipimajoto katikati ya mifuko miwili, kuifunga pamoja kwa mpira, kusubiri dakika chache na kusoma. Zipo lebo ndogo zinazobandikwa kwenye mfuko na kubadilika rangi joto likizidi kiwango. Kifaa kinachoeleza mengi zaidi ni kinasa joto cha kielektroniki, kidogo kama kiberiti, ambacho huwekwa ndani ya sanduku na kuandika joto kila baada ya dakika kadhaa. Kipimajoto cha kawaida husema hali ya sasa. Kinasa joto husema pia kilichotokea saa mbili zilizopita, dereva aliposimama kubadilisha gurudumu.

Sanduku lenyewe lina masharti yake. Pakiti za barafu zilizotoka moja kwa moja kwenye friza hazipaswi kugusa mifuko, kwani zinaweza kugandisha damu hata katika joto la Tanga. Huwekwa kadibodi au kitu kingine kati yake na damu. Aidha, chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, haziingii kwenye sanduku hilo kabisa: hukaa katika nyuzi 20 hadi 24, na baridi huziharibu. Mhudumu mwenye nia njema anayezitia barafu amekwisha kuzipoteza.

Hata hivyo, safari ndefu mara nyingi ndiyo inayoangaliwa vizuri zaidi. Sanduku hufungwa, fomu hujazwa, gari huondoka. Baridi hupotea kirahisi katika hatua za mwisho, kutoka maabara hadi wodini, ambako mfuko hubebwa mkononi, huwekwa mezani, na kusubiri daktari au sindano. Ndiyo asili ya kanuni ya dakika 30 inayofuatwa katika hospitali nyingi duniani: mfuko uliokaa nje ya jokofu zaidi ya muda huo haurudishwi akibani. Ama aanze kuwekewa mgonjwa aliyekusudiwa, na kazi hiyo ikamilike ndani ya saa 4, ama utupwe.

Kutupa ni neno zito mahali ambapo akiba ni ndogo na ndugu wanasubiri nje. Mteknolojia wa maabara anayepokea mfuko wenye nyuzi 13 anajua kuwa huenda hakuna mwingine wa kundi hilo hadi kesho. Akiukataa, mgonjwa anaweza kufa kwa kukosa damu. Akiukubali, anaweza kumpa maambukizi. Wanaoweza kumwondolea uamuzi huo ni waliopakia sanduku asubuhi.

Kwa sababu hiyo, fomu ya kupokea damu ina nafasi ya saa ya kuondoka, saa ya kufika, joto lililosomwa na jina la aliyesoma. Ikiachwa wazi sehemu ya joto, mfuko huhesabiwa kuwa haukupimwa, hata kama barafu bado haijayeyuka.