Bibi Titi na Mamlaka Yasiyoandikwa

Katika nchi ya Lulindi, wilayani Masasi, ukoo hufuata upande wa mama. Wamakua, Wayao na Wamakonde wote wana desturi hiyo, na mwali hutoka unyagoni mikononi mwa makungwi ambao neno lao halipingwi. Hata hivyo Waingereza walipotafuta watu wa kutawala kwa niaba yao, waliweka maliwali na mawakili, wanaume watupu. Mamlaka ya akina mama hayakuandikwa katika daftari lolote, kwa hiyo yakadhaniwa hayapo.

Kosa la namna hiyo nusura lifanywe na TANU yenyewe huko Dar es Salaam. Mwaka 1955 John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, aliuliza wanawake wa chama wako wapi. Hawakuonekana. Kazi ya kuwakusanya ikamwangukia Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa mji huo wa mwaka 1926, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Twapenda kulitilia mkazo jambo hili la ngoma, kwani wengi hulipita kama kwamba ni mchezo tu. Bibi Titi aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaleta watu wao. Vikundi hivyo vilichanganya makabila, vilikuwa na wakubwa wao, na wanachama walisaidiana katika arusi na misiba. Umoja ulikuwa umekwisha kuundwa. Kilichokosekana ni kadi. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walijiandikisha, wakiwamo wauza vitumbua ambao hawakuwa na mwajiri wa kuwatisha, tofauti na waume zao waliokuwa makarani wa serikali.

Baada ya Uhuru aliiongoza UWT, iliyoundwa mwaka 1962. Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi wa Bunge huko Rufiji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipowakataza viongozi kupangisha nyumba, alijiuzulu Kamati Kuu. Oktoba 1969 alikamatwa, na katika kesi ya uhaini akahukumiwa kifungo cha maisha. Rais Nyerere alimwachilia mwaka 1972. Kisha ukaja ukimya mrefu, ambao kwa maoni yetu ulikuwa adhabu ya pili. Sifa zake zilianza kutajwa tena hadharani mwaka 1991, Uhuru ulipotimiza miaka 30. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, na mjini Dar es Salaam barabara iliyoitwa UWT sasa ina jina lake.